Urani: tuache bomu, tuulizie vumbi

Wadau, kila madini ya urani ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, yakitajwa kijiweni, lazima mmoja aseme "tutalipuka wote" na mwingine ajibu "tutatajirika wote". Jamani, ubishi huu ungekwisha mapema kama tungekumbuka atomi tuliyofundishwa sekondari.

Tukumbushane. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni ziko nje yake. Ukiikuza atomi ya urani ilingane na Uwanja wa Mkapa, kiini chake ni kama punje ya mahindi pale katikati. Lakini karibu uzito wote umo kwenye hiyo punje.

Protoni ndizo zinazotoa jina: zikiwa 92, hiyo ni urani. Nyutroni hutofautiana. Zaidi ya asilimia 99 ya urani ya ardhini ina nyutroni 146. Ile yenye 143, ambayo kiini chake hupasuka kirahisi, haifiki asilimia 1. Tofauti ni nyutroni 3 tu, na kuzitenganisha urani hizo kunahitaji viwanda vikubwa vya gharama ya kutisha. Kwa hiyo mwamba wa Namtumbo hauwezi kulipuka kama bomu.

Je, tulale usingizi? Hapana! Kiini cha urani kimejaa mno, hakitulii. Polepole hurusha vipande vya protoni 2 na nyutroni 2. Nje ya mwili, vipande hivyo huzuiwa na ngozi, hata na karatasi. Ila ukivuta vumbi lake au ukanywa maji yaliyochafuliwa, vinapiga moja kwa moja mapafu na viungo vya ndani. Na mabaki ya mgodi huendelea kurusha kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 2012 UNESCO ilikubali mpaka wa Selous urekebishwe kupisha mradi huu. Kwa maoni yangu, anayepiga kelele za bomu anawarahisishia kazi wakubwa: wanajibu "hakuna bomu", mjadala umefungwa. Tuwaulize maswali yasiyokwepeka. Vumbi litazuiwaje? Nani atapima maji ya visima, na majibu yatabandikwa wapi wanakijiji wayasome? Mgodi ukifungwa, nani atalinda mabaki?

Naomba kuwasilisha.