Moto wa Canada: Soko la mbao litazame setilaiti

Mfanyabiashara wa mbao anayesubiri bei ipande ndipo aulize sababu, huwa amekwisha kuchelewa. Mwaka 2023 moto uliteketeza takriban hekta milioni 15 nchini Canada, na mwezi Juni viwanda kadhaa vya mbao jimboni Quebec vilisimamisha kazi.

Setilaiti hunasa joto la moto, na NASA hutoa takwimu hizo bure, kwa kawaida ndani ya saa 3. Kumbukumbu za zaidi ya miaka 20 zaonyesha mioto mikali ya misitu ya kaskazini ikiongezeka.

Hata hivyo, doa jekundu kwenye ramani si gogo lililopotea. Moto mwingi huwaka mbali na maeneo ya uvunaji, na mawingu huuficha. Mwekezaji makini atazame kwanza viwanda viko wapi, ndipo afungue pochi.