Kompyuta ipige ala, Kiswahili tuimbe wenyewe

Wazazi wenzangu, katika mkutano uliopita tulibishana: je, watoto waruhusiwe kutumia muziki wa kompyuta kwenye maonyesho ya mwisho wa muhula? Wengine walisema huo ni uvivu. Siku ile nilinyamaza. Leo naomba niseme: waruhusiwe, lakini kwa masharti.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Mtoto akipiga kinanda kilichounganishwa na programu kama GarageBand, kwenye njia ya MIDI hairekodiwi sauti. Yanarekodiwa maagizo: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani na kwa muda gani. Kompyuta huyasoma maagizo hayo na kuyatolea sauti ya ala uliyochagua, iwe piano, fidla au ngoma. Mfumo huu upo tangu 1983.

Hapo ndipo nilipoona faida. Kwa kuwa ni maagizo tu, unaweza kupunguza mwendo bila sauti kuwa nzito, au kushusha wimbo mzima ulingane na koo la mtoto. Binti yangu alikuwa akiimba "gali" badala ya "ghali". Tulipunguza mwendo, akarudia na kurudia, mpaka "gh" ikatoka kooni. Mtaani kwetu hakuna mpiga udi wa kutusaidia hivyo.

Lakini hasara nazo zipo. Bibi yake alisikiliza kwa simu kutoka Mombasa, akasema, "Vizuri mjukuu wangu, ila mbona ngoma inatembea kama askari wa gwaride?" Alikuwa na haki. Programu ilikuwa imenyoosha kila pigo. Tena, katika taarabu, maqam kama rast na bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Mpiga ganuni huzipata kwa kusogeza vijiti vidogo vya ala yake. Kinanda cha kawaida, usipokirekebisha, huziruka.

Kwa hiyo napendekeza masharti matatu. Maneno yaimbwe na watoto wenyewe jukwaani, yasiwe yamerekodiwa. Angalau ala moja ipigwe kwa mkono: dumbaki, kayamba, hata makofi. Na kila mtoto aliyeazima sauti ya ala kwenye kompyuta atueleze kwa Kiswahili ala hiyo inaitwaje na inapigwaje. Asiyejua ampigie simu babu au bibi.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mashine ile nayo ilikuwa ngeni kwa watu wa kwao. Haikumnyang'anya Kiswahili, ilikibeba kikafika mbali kuliko sauti yake ingefika peke yake.

Nanyi wanangu, msingoje wakubwa tumalize kubishana. Anzeni kufanya mazoezi ya maneno.