Ukiona Vyaelea

Ndugu msomaji, sisi wapenzi wa dansi tuna desturi ya kumwangalia mwimbaji. Yeye ndiye asimamaye mbele, ndiye atokwaye jasho machoni petu, na akihama tunasema bendi imekufa. Ni mara chache tunauliza nani aliyeiunda bendi hiyo, nani anayeshughulikia hesabu zake, na nani atakayebaki wengine wakiondoka. Jumapili hii nakuletea habari za bendi moja ya Marekani iliyobadilisha wanamuziki kwa zaidi ya miaka 30, kama nyumba ya kupanga ibadilishavyo wapangaji. Nyumba haikuanguka, kwa kuwa wenyewe walikuwa wawili nao hawakuhama.

Bendi hiyo iliitwa The Cramps. Mwaka 1972, huko California, kijana mmoja wa Ohio, Erick Purkhiser, alimpa lifti barabarani msichana aitwaye Kristy Wallace. Tangu siku ile hawakuachana. Wote wawili walipenda santuri kuukuu za rokabili, muziki wa vijana wa kusini mwa Marekani wa miaka ya 1950, uliochanganya nyimbo za Wazungu wa mashamba na bluzi za watu Weusi. Walizitafuta santuri hizo kwa wauza vitu vilivyokwisha tumika, mahali ambapo wengine waliona takataka tu.

Mwaka 1975 walihamia New York, na mwaka uliofuata wakaanzisha bendi. Bwana alijiita Lux Interior, akawa mwimbaji. Bibi alijiita Poison Ivy, akashika gitaa. Walichukua rokabili ya zamani, wakaitia ghadhabu ya muziki wa panki uliokuwa ukichipuka mjini humo, wakaongeza vitisho vya sinema za mazimwi. Katika matangazo ya maonyesho yao waliandika neno “saikobili”, ambalo lilikuwa limesikika katika wimbo wa Johnny Cash wa mwaka 1976. Baadaye walieleza kwamba walitafuta tu maneno ya kuwavuta watu mlangoni. Hata hivyo, vijana wa London waliounda kundi la The Meteors mwaka 1980 walilishika neno hilo, na hatimaye likawa jina la muziki wenye wafuasi katika nchi nyingi.

Sasa tazama msafara wa wanamuziki. Gitaa la pili lilipigwa na Bryan Gregory. Ngoma zilianza kupigwa na dada yake Gregory, zikaenda kwa Miriam Linna, kisha mwaka 1977 zikamfikia Nick Knox, aliyedumu nazo hadi mwaka 1991. Mwaka 1980, santuri yao ndefu ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imetoka, Gregory aliondoka ghafla. Nafasi yake ilichukuliwa na Kid Congo Powers, naye akaondoka mwaka 1983. Akaja Candy del Mar, akaja Slim Chance, wakaja na wapiga ngoma wengine. Kila mmoja alileta mkono wake, na si haki kumdharau hata mmoja wao.

Lakini ni nini kilichoifanya sauti ya bendi ibaki ileile? Hapa ndipo nataka tutulie kidogo. Watazamaji walimkodolea macho Bwana Lux, ambaye hakuwa na haya jukwaani: alipanda juu ya vipaza sauti, aligaagaa sakafuni. Kando yake alisimama mkewe, kimya, uso mkavu, akipiga gitaa lililobeba kila wimbo. Nyimbo walitunga pamoja. Kwa miaka karibu 10 bendi haikuwa na gitaa la besi kabisa; na ilipofika wakati wa kurekodi santuri ya mwaka 1986, wakiwa hawana mpiga besi, Bibi Ivy alipiga gitaa lake kisha akapiga na besi. Alisimamia urekodi wa baadhi ya santuri zao, na kwa miaka mingi alikuwa pia meneja wa bendi. Mapema katika miaka ya 1980, walipokuwa na mgogoro wa kisheria na kampuni iliyotoa santuri zao, kazi ya kurekodi ilikwama. Bendi nyingi huvunjika katika shida ya namna hiyo. Hii haikuvunjika.

Tarehe 4 Februari, 2009, Lux Interior alifariki huko California kwa maradhi ya mshipa mkuu wa moyo, akiwa na umri wa miaka 62. Ndugu msomaji, fikiri juu ya mama huyu. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa amejaza nafasi za watu walioondoka. Jina la bendi lilikuwa linauzika bado, na waimbaji hawakukosekana. Hata hivyo hakutafuta mwimbaji mwingine. Bendi ilikoma siku ile. Mwaka 2022, wimbo waliorekodi mwaka 1981 ulitumiwa katika mchezo wa filamu uitwao Wednesday, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakausikia dunia nzima. Gitaa walilolisikia ni la Bibi Ivy, ingawa wengi wao hawamjui.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika nyumba zetu za mjini yumo baba ambaye majirani humsifu kwa mavazi nadhifu na watoto walioelimika. Yumo pia mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza, aliyetunza daftari la madeni, na aliyejua siku gani unga ungekwisha. Mgeni akija, baba ndiye ashikwaye mkono na kupongezwa.

Basi leo jioni, mkiwa mezani, baba na aseme mbele ya watoto, kwa kutaja kazi mojamoja, ni nani aliyefanya nini wiki hii. Asingoje siku ya msiba, ambapo sifa husomwa kwenye karatasi na msifiwa hazisikii.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.