Marekani: Serikali ililipa, shule ilikula, deni ikabaki kwa mutoto

Tarehe 4 mwezi wa saba 2025, rais Donald Trump alitia sahihi sheria kubwa ya makuta ya serikali. Ndani yake muko kipande kimoja chenye kilitusimamisha sisi wa sendika. Kinasema hivi: tangu mwezi wa saba 2026, kama watu waliomaliza masomo fulani kwenye chuo kikuu wanapata mshahara wa chini kuliko wale waliobakia na diploma ya sekondari, na ikawa vile miaka miwili ndani ya mitatu, masomo hayo hayatapata tena mikopo ya serikali.

Ndugu zetu wengi waliokimbia vita wanaishi kule sasa, watoto wao wanasoma kule. Kwa hiyo si habari ya wageni.

Mikopo hiyo inatoka kwa sheria ya 1965. Ili ipate makuta, shule inalombwa vitu vitatu: ruhusa ya jimbo lake, kibali cha wizara ya elimu, na cheti cha chama chenye kinahakikisha ubora. Lakini chama hicho kinaishi na michango ya shule zenyewe. Ni kama patro alipe inspekta wa usalama wake mwenyewe, kisha tushangae ripoti ni nzuri.

Angalieni Corinthian Colleges, kampuni ya California yenye ilianzishwa 1995 ikafika shule zaidi ya 100. Ilitafuta faida, na sehemu kubwa ya makuta yake ilitoka kwa serikali kupitia wanafunzi. Sheria inaruhusu shule za namna hiyo zifike 90 kwa mia. Ilikuwa inaita watu wa kazi ya chini, wamama wenye kulea watoto peke yao, inawaambia: wenye kumaliza kwetu wanapata kazi. Mwaka 2015 wizara ilichunguza hesabu za Heald, moja ya matawi yake. Ikakuta mutu aliyesomea kontabilite amehesabiwa kwamba «amepata kazi», kumbe alikuwa anatumika kwenye chakula, mkahawa wa Taco Bell. Wengine walipewa kazi ya siku mbili tu, ndani ya shule ile ile! Faini ilikuwa dolari milioni 30. Mwezi huo wa nne haukuisha, shule 28 zilizobakia zikafungwa, wanafunzi karibu 16,000 wakakuta kufuli. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza imefilisika. Faini hiyo ilipwe na nani?

Deni, yenyewe, haikufilisika. Ilifutwa mwezi wa sita 2022: dolari bilioni 5.8, watu 560,000. Ni miaka saba ya kungojea.

Sisi wa mugodini tunajua tofauti ya inspekta anayeingia shimoni mbele ya ajali na komisheni inayokuja kuhesabu maiti. Kanuni ya kupima masomo kwa mshahara, serikali ya Obama iliiweka 2014, ya Trump ikaifuta 2019, ya Biden ikairudisha 2023. Sasa imeingia ndani ya sheria, na hiyo ni hatua, tunaikubali. Lakini sheria iliacha nje masomo mafupi ya cheti, yale yale wana wa wafanyakazi wanakimbilia. Hayo yaliachiwa kanuni ya 2023, na kanuni, waziri anaweza kuifuta. Tena mwezi wa tatu 2025 wizara yenyewe ilitangaza kupunguza karibu nusu ya watu wake, ambao walikuwa kama 4,000. Nani atasoma hesabu za mashule?

Hapa kwetu, sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inalomba shule ya mutu binafsi iwe na ruhusa ya serikali. Mikopo ya kufutwa hatuna: minervali inatoka mfukoni mwa baba, ikipotea imepotea. Mbele ya kulipa, lombeni kuona arete ya waziri, muangalie kama masomo ya mutoto yameandikwa ndani. Ulizeni pia majina ya waliomaliza mwaka jana, muwapigie simu, wawaambie wanatumika wapi. Mwenye hajui kusoma hiyo arete, ailete kwa delege wake wa sendika mbele ya kutoa dolari ya kwanza.