Kamera Isijichagulie Shabaha Siyu
Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi aendaye Siyu, kisiwani Pate, kukusanya data za nyanjani yamtosha kuiachia kamera ya dijitali ijichagulie shabaha. Rai hiyo haina mashiko. Kamera itambuayo nyuso husaka ruwaza ya macho, pua na kinywa, kisha hulenga hapo. Sasa, mzee ashikapo msahafu ulioandikwa na kunakshiwa mjini humo katika karne ya 18 au ya 19, kamera huukimbilia uso wake. Maandishi, ambayo ndiyo yaliyofuatwa, hutoka yana ukungu. (Na mwanamke aliyevaa nikabu huenda isimtambue kabisa!) Ni bora uwezo huo uzimwe. Mtafiti aielekeze kamera kwenye maandishi, abonyeze kitufe nusu na kukishikilia ili ulengaji ufungwe, ndipo aipange picha atakavyo na kubonyeza hadi mwisho. Asisogee mbele wala nyuma baada ya kufunga, kwani umbali ukibadilika kazi yote huharibika. Uso wa mzee upigiwe picha yake mbali, kwa idhini yake. Atakayeisoma nakala hiyo miaka hamsini ijayo atahitaji kuziona nukta na irabu.