Oda ya vikombe vya udongo: vikipasuka motoni, hasara ni ya nani?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna wakati tulitaka wageni wa studio wanywe chai kwenye vikombe vilivyofinyangwa huku huku kwetu, si vya dukani. Tukampigia simu mama mmoja mfinyanzi, jirani na Bujora. "Shikamoo mama. Tunaomba vikombe ishirini vya chai, vya kawaida tu." Akauliza, "Vya kawaida vya namna gani, mwanangu?" Tukacheka, tukamwambia yeye ndiye fundi, atajua. Tukatuma nusu ya pesa kwa simu, tukaendelea na vipindi.

Wiki tano baadaye vikaja kumi na tatu. Vilikuwa vizuri kwa macho, lakini vidogo kama vya kahawa. Tukamimina chai ya maziwa, na baada ya dakika chache kila kikombe kikaacha duara la unyevu juu ya meza. Saba vilivyobaki vilikuwa vimepasuka motoni. Sisi tukaona tumepunjwa. Yeye naye akaona amefinyanga ishirini na analipwa kumi na tatu. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, lakini wote wawili tulitoka na hasara.

Tunaleta habari hii leo kwa sababu wasikilizaji wengi wa Kisesa, Magu na vijiji vya jirani ama ni wafinyanzi, ama wana mama au shangazi anayefinyanga, ama wamewahi kutoa oda ya namna hii.

Kwa nini sasa?

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Viwanda vidogo vimo kwenye orodha hiyo, pamoja na maduka ya vitu vya asili vinavyonunuliwa na wageni kama kumbukumbu. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 19 Juni 2025, lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Mtu anayetoka Sengerema au Geita kuja Mwanza hasubiri tena kivuko.

Bujora yenyewe haihitaji kutangazwa. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hupokea wageni mwaka mzima. Kila Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu wanapochuana kwa ngoma, Kisesa hujaa watu. Watu hao hunywa chai, na wengi wangependa kuondoka na kitu cha mkono wa hapa.

Kwa hiyo sheria imetenga nafasi, na barabara imefunguka. Lakini amri ya Serikali haiwezi kumlipa mfinyanzi. Anayemlipa ni mwenye oda: mgahawa, nyumba ya wageni, parokia, kikundi cha harusi. Oda ikivunjika mara mbili tatu kama yetu, mteja anarudi kwenye vikombe vya dukani na mama anarudi shambani.

Chungu cha maji si kikombe cha chai

Jambo la kwanza la kuelewa ni moto. Wafinyanzi wetu wengi huchoma vyombo mahali pa wazi, kwa kuni, nyasi na samadi kavu. Moto wa namna hiyo kwa kawaida hufika nyuzi joto 600 hadi 900 hivi. Udongo unakuwa mgumu, lakini unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Kwa mtungi wa maji, vitundu hivyo ndiyo faida. Maji hupenya kidogo kidogo, yanakauka kwa nje, na mtungi unapoa. Ndiyo maana maji ya mtungini yana baridi hata jua likiwa kali. Kwa chungu cha kupikia, vitundu husaidia chombo kisipasuke kinapokutana na moto wa jikoni. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, wanajulikana kwa vyungu vyao, na ujuzi wao ni wa vyombo vya namna hiyo.

Kwa kikombe cha chai ya maziwa, vitundu hivyo hivyo ni tatizo. Maziwa na sukari huingia ndani, hayatoki kwa kusuuza, na baada ya siku chache kikombe kinanuka. Kikombe cha udongo cha dukani hakifanyi hivyo kwa sababu kimechomwa kwenye tanuri, mara nyingi zaidi ya nyuzi 1,000, na kimepakwa unga unaoyeyuka motoni na kuwa tabaka la kioo. Tabaka hilo ndilo linaloziba vitundu.

Wafinyanzi wa zamani walikuwa na njia zao za kupunguza tatizo: kusugua chombo kwa jiwe laini kabla hakijakauka kabisa, au kupika uji mzito ndani yake mara ya kwanza ili wanga uzibe vitundu. Njia hizo husaidia, lakini hazifanyi kikombe kuwa kama kilichopakwa kioo.

Hapa tuseme neno la tahadhari. Unga wa kioo wa bei ya chini unaweza kuwa na madini ya risasi, na chai ya moto, hasa yenye limau, huweza kuyatoa na kuyaingiza kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Anayenunua unga huo aulize kama hauna risasi. Na kama muuzaji hana jibu, usitumie kwa chombo cha kunywea.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Sasa tuje kwenye vile saba vilivyopasuka. Udongo mbichi una maji. Yakibaki hata kidogo ndani ya ukuta wa kikombe, motoni yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Usipopata pa kutokea, kikombe kinapasuka. Hatari ni kubwa zaidi wakati wa mvua za vuli na masika, vyombo vinapochelewa kukauka. Mkono wa kikombe nao hupenda kuachia pale ulipoungwa. Birika ni gumu zaidi, maana mwili, mdomo, mkono na kifuniko lazima visinyae kwa pamoja.

Kusinyaa huko pia ndiko kulikotuletea vikombe vya kahawa. Udongo ukikauka na kuchomwa unaweza kupungua takriban sehemu moja kati ya kumi. Anayetaka kikombe kikubwa lazima kifinyangwe kikubwa zaidi.

Tuchukue mfano. Nyumba ya wageni inaagiza vikombe 60 kwa shilingi 3,000 kila kimoja, jumla shilingi 180,000. Tuseme udongo, kuni na siku za kazi vinamgharimu mama shilingi 2,000 kwa kila kikombe anachofinyanga. Akihesabu 60 tu, anaona gharama ni 120,000 na faida ni 60,000. Lakini kama kimoja kati ya vitano kinapasuka, lazima afinyange 75 ili apate 60. Gharama inakuwa 150,000 na faida inabaki 30,000. Na kama amepokea nusu ya malipo, yaani 90,000, amepungukiwa shilingi 60,000 kabla hajamaliza kazi. Mara nyingi pengo hilo hujazwa kwa mkopo wa kikoba.

Mwenye oda akikataa mzigo siku hiyo, vikombe 60 vyenye jina la nyumba yake havina mnunuzi mwingine. Deni la kikoba linabaki kwa mama.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina mambo mawili yanayotuhusu. Kwanza, mkiuziana kwa sampuli, mzigo wote lazima ulingane na ile sampuli kwa ubora. Pili, kama hamkukubaliana vingine, bidhaa hubaki kwenye hatari ya muuzaji mpaka umiliki uhamie kwa mnunuzi.

Kwa lugha ya kawaida: msipozungumzia kupasuka, kilichopasuka motoni ni cha mfinyanzi. Amepokea malipo ya awali, wengine tunaita kishika uchumba, na bado anadaiwa vikombe. Lakini sheria hiyo hiyo inaacha mlango wazi, kwa kuwa inasema "kama hamkukubaliana vingine". Mnaweza kukubaliana vingine.

Wala si lazima mwende kwa mwanasheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa simu unaweza kutumika kama ushahidi. Mkiandikiana idadi, bei na siku, usifute ujumbe huo. Utunze pamoja na ule wa malipo. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Namna ya kutoa oda

Peleka kikombe unachokipenda, au chupa yenye kipimo cha chai unayotaka iingie. Neno "kawaida" lisitumike.

Lipia sampuli kwanza, kimoja au viwili, hata ikiwa kwa bei ya juu. Imimine chai ya moto, iweke juu ya karatasi kavu, uiache mpaka asubuhi. Karatasi ikilowa, mmejua kabla ya kufinyanga sitini.

Mkubaliane kuhusu kupasuka. Wanaweza kugawana hasara ya kiasi fulani, au bei ya kila kikombe ipandishwe ibebe vitakavyovunjika. Mteja anayeona bei ya juu akumbuke kwamba analipia na vile ambavyo hataviona.

Malipo yafuate hatua: sehemu ya udongo na kuni mwanzoni, sehemu vikombe vikishakauka, iliyobaki siku ya kukabidhiana. Hivyo mama hakopi ili amhudumie mteja.

Toa muda unaoendana na mvua. Oda ya Bulabo ya Juni isisubiri masika yaanze. Waswahili wana msemo, udongo uwahi ungali maji, na makubaliano nayo ni hivyo hivyo.

Oda moja inaweza kufungua mlango

Mwaka 1765 Malkia Charlotte wa Uingereza alitoa oda ya seti ya chai, na kazi ikaangukia kwa mfinyanzi wa Staffordshire, Josiah Wedgwood. Baada ya hapo vyombo vyake vya rangi ya malai vikaitwa vyombo vya Malkia, na watu wakavigombania. Kinachosahaulika ni kwamba Wedgwood alikuwa ameanza daftari lake la majaribio ya udongo na tabaka la kioo mwaka 1759, miaka sita kabla ya oda hiyo. Malkia alipoagiza, fundi alikuwa anajua udongo wake unafanya nini motoni.

Wafinyanzi wetu wengi wana ujuzi huo kichwani kwa upande wa vyungu. Kwa vyombo vya chai wanahitaji tanuri, unga salama na muda wa kujaribu. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wafinyanzi kinaweza kuomba tanuri la pamoja kwa njia hiyo. Na maombi yanayoambatana na oda za kweli, zilizoandikwa na kulipiwa sampuli, yana uzito kuliko maombi yenye matumaini peke yake.

Sisi tulirudi kwa mama yule. Safari hii tulibeba kikombe mkononi na pesa ya sampuli. Alifinyanga, akachoma, akamimina chai, akakiweka juu ya kipande cha gazeti. Asubuhi gazeti lilikuwa limelowa. Akatuambia wazi, "Hiki si cha chai, wanangu. Moto wangu haukifikishi."

Tukalipa sampuli kama tulivyoahidi, kisha tukaagiza alichokuwa na uhakika nacho: mitungi miwili ya maji ya wageni. Tuliandikiana ukubwa, bei na siku, na kwamba mmoja ukipasuka tunachangia kuni za kuchomea mwingine. Yote miwili ilifika salama na sasa iko mlangoni mwa studio. Chai bado tunanywea vikombe vya dukani. Kikundi chake kinafuatilia fomu za halmashauri kwa ajili ya tanuri, na tumeshamwambia kwamba oda ya kwanza ya vikombe itakuwa yetu.