Ujira wa dalali ujulikane mapema

Jijini Dar es Salaam, mpangaji atafutaye nyumba humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, mbali na kodi ya miezi sita au mwaka anayodaiwa na mwenye nyumba. Chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi, kikitakiwa kodi ya miezi sita, humtoa 700,000 kabla hajalala humo hata usiku mmoja.

Hatuubezi udalali; ni kazi ya halali yenye ujira wake. Tunalolikataa ni ujira unaofichwa hadi mizigo ifike mlangoni, na dalali apokeaye pande zote mbili kwa siri.

Ndugu msomaji, patana naye kabla ya kwenda kuangalia nyumba, muandikiane, na umlipe baada ya kukabidhiwa ufunguo. Mapatano ya mwanzo huondoa ugomvi wa mwisho.